Kengele ya moshi inayolia kila ukikaanga
Dadangu, usiing'oe kabisa. Inalia kila ukikaanga viazi karai kwa sababu umeifunga jikoni, na pale panataka kengele ya joto, isiyojali moshi wa mafuta. Hiyo ya moshi ihamishie darini nje ya vyumba vya kulala, angalau mita 3 kutoka jikoni na mbali na feni, maana upepo wake huupeperusha moshi usiifikie. Ukinunua nyingine, itisha ya fotoelektriki, yaani inayotambua moshi kwa mwanga: hunasa mapema moshi wa godoro au kochi linalofukuta bila ndimi za moto, na moto wa namna hiyo huwakuta watu wamelala fofofo. Kwa vile duka liko chini na nyinyi mnalala juu, tafuta zinazounganishwa, ya stoo ikilia na ya juu ilie. Bonyeza kitufe cha kujaribu kila mwezi, futa vumbi. Miaka 10 ikitimia tangu tarehe iliyopigwa mgongoni, badilisha, hata kama bado inalia. Na jiko la makaa, tafadhali, msilale nalo ndani: kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye makaa, haina harufu, na kengele ya moshi haiinasi.