Madereva wa Mtwara na Lindi tumefundishwa na barabara yenyewe

Mleta mada umeuliza kwa nini madereva wa huku kusini wanang'ang'ania katikati ya barabara, kwa nini lori linakuwashia indiketa ya kulia wakati halikati kona, na kwa nini bodaboda wanaingia lami bila kuangalia. Wachangiaji wa juu wakamalizia kwamba watu wa huku hawajasomea udereva. Kwenye kusomea sibishi sana maana leseni zipo za kila aina, ila mi nimeendesha njia hizi tangu enzi za vumbi, nilianza na Fuso za korosho kutoka Newala na Tandahimba kuja maghalani Mtwara, saivi niko kwenye Costa ya abiria, na ninachokiona ni kwamba dereva anafundishwa na barabara kuliko anavyofundishwa na mwalimu. Lami ikija inamkuta na tabia zake za barabara ya zamani, na tabia hazihami siku mkandarasi anakabidhi mradi.

Chukua njia ya Newala kabla lami haijafika Mnivata. Ule mchanga ukiupunguzia mwendo umekwama, kwa hiyo unajifunza kutoachia mafuta hata ukiona kitu mbele. Pale penye vimawimbi vinavyotetemesha gari ukienda pole sana unatikiswa mpaka nati zinalegea, ukikamata mwendo fulani gari inapita juu juu, kwa hiyo unajifunza kukimbia sehemu mbovu. Na kushoto na kulia hamna, kuna mapito mawili ya tairi yaliyoshindiliwa katikati na wote mnapita humo humo, mkikutana mwenye mzigo anabaki njiani na aliye mtupu anashuka pembeni, hiyo ilikuwa heshima inayojulikana na kila mtu na hakuna trafiki aliyeisimamia. Sasa dereva wa namna hiyo umemuwekea mstari mweupe katikati, mkono wake bado unavutwa kule kule alikozoea.

Na ana sababu nyingine ambayo mgeni haioni. Mabega ya barabara sehemu nyingi yameliwa na mvua, lami imebaki juu na udongo umeshuka, tairi la kushoto likidondokea kule ukiwa na spidi ya 80 gari inakunyang'anya usukani, na ukilazimisha kurudi juu kwa nguvu ndo unavuka mpaka upande wa pili. Anayejua hilo anakaa mbali na ukingo. Kwa hiyo ukimkuta yuko karibu na mstari usianze kwa kumtukana, mwashie taa mapema, atakupisha.

Indiketa sasa. Hii naomba muielewe vizuri kwa sababu inaua. Lori la mbele likiwasha ya kulia ukiwa nyuma yake linakwambia usitoke, mbele kuna gari, na likiwasha ya kushoto linakwambia njia nyeupe pita. Enzi za vumbi ilikuwa huoni kitu nyuma ya Fuso, dereva wa mbele ndo alikuwa macho yako, na alikuwa anakuangalia kweli maana kesho we ndo ungekuwa mbele yake. Usiku pia mkikutana mtu anawasha ya kulia ujue mwisho wa bodi yake uko wapi. Ni ustaarabu mzuri sana na mi naupenda mpaka leo. Shida ni kwamba lami imeleta magari mengi ya watu wasiojuana, na ile ile ya kulia ndo inayotumika pia kukata kona kuingia kijijini, na ile ya kushoto anaweza kuiwasha mtu anayetaka kusimama tu kushusha abiria, wewe ukadhani umeruhusiwa. Mi nikipewa ya kushoto siku hizi naichukua kama taarifa, natoka kidogo nachungulia mwenyewe, nikiona mbali hapajakaa sawa narudi.

Halafu kuna muda. Watu wazima wa huku wanakumbuka pantoni pale Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa la 2003, na hata baada ya daraja kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60, ndo kiliendelea kutesa watu, masika basi linalala kwenye tope na abiria wanashuka kusukuma. Basi likichelewa hakuna aliyemlaumu dereva, wanamshukuru wamefika. Lami ilipounganishwa ile ruhusa ya kuchelewa ikafutika. Saivi tajiri mwenye basi anajua Dar mpaka Mtwara unatakiwa uingie saa ngapi, abiria ana simu anauliza mbona fulani katupita, na sheria inasema basi na lori mwisho 80 na kwenye makazi 50. Dereva anabana hapo kwenye kibao kwa sababu ya tochi ya trafiki ya kupimia spidi, anayepishana naye anamuonyesha taa kwamba trafiki wapo, akishavuka anafidia. Yaani watu wamejifunza kupunguza mwendo kwa ajili ya trafiki, sio kwa ajili ya kijiji.

Na kijiji chenyewe kimehama. Hili ndo linaniuma kuliko yote. Lami ikipita, ndani ya muda mfupi vibanda vinasogea, kijiwe cha boda, muuza chipsi, mashine ya kukoboa, makazi yanarefuka pande zote mbili na kile kibao cha 50 kimebaki pale pale kilipochomekwa mwanzo. Nje ya kibao gari ziko kasi, na nje ya kibao ndo watoto wa shule wanavuka. Ukipita jioni upande wa Nanguruwe unamkuta mama kaanika makopa, yaani mihogo ya kukausha, kwenye ukingo wa lami, kayapanga vizuri kakanyagia na mawe pembeni, na yeye kachuchumaa anageuza mgongo ukiwa barabarani. Ukimpigia honi anasogea kistaarabu na anakusalimia. Kwake pale ni uani, pamekuwa uani tangu barabara ikiwa njia ya vumbi ya gari chache kwa siku, na lami inakausha makopa haraka hayashiki mchanga. Hakuna aliyemjengea sehemu ya kuanikia, hakuna aliyejenga njia ya miguu. Mtu akigongwa wananchi wanadai matuta, yanawekwa, mengine rasta, vile vituta vidogo vilivyofuatana, mengine tuta refu la kuvunja springi, na dereva mgeni usiku analivaa bila alama.

Ongeza na malori. Makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanapita Tunduru, Masasi, Mingoyo mpaka bandari ya Mtwara, saruji inatoka huku inapanda, msimu wa korosho ukifika ndo kabisa. Unakaa nyuma ya semi tatu zimefuatana zimebebana, abiria wanaanza kuguna, na hapo ndo ovateki za kwenye kona zinazaliwa. Hakuna sehemu za lori kupisha. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokata barabara kule Kilwa tulirudi wiki kadhaa kwenye foleni na michepuko ya tope, na nikaona kitu cha kushangaza, madereva wale wale waliokuwa wanachomekeana wakarudi kupishana kwa zamu, kushuka, kuonyeshana njia kwa mikono.

Saivi wanajenga Mnivata, Tandahimba, Newala mpaka Masasi, kilomita 160. Kama kuna mhandisi humu anasoma, tunaomba mabega yawe mapana na yashindiliwe, njia ya miguu ipite kila penye kijiji, na vibao vya 50 vihamishwe kufuata nyumba.

Wewe mleta mada, ukishuka tena na gari yako, toka Dar alfajiri uifanye Nangurukuru mpaka Mingoyo kukiwa na mwanga, ukipewa indiketa ya kulia tii, ukipewa ya kushoto hakikisha mwenyewe, na ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani punguza palepale, mbele kuna gari imekufa kwenye njia yako.