Makrame (mapambo ya kamba zilizofungwa mafundo) kwa anayeanza: maswali kuhusu kamba, vipimo na fimbo

Kamba ni za aina nyingi. Ninunue ipi ya kuanzia?

Ya pamba, iliyosokotwa kwa nyuzi tatu, unene wa milimita 3 au 4. Inashika fundo, haitelezi, na ukikosea unaifungua bila kuiharibu. Pamba ya msokoto mmoja ni laini zaidi na shada lake, yaani ncha zinazoachwa zikining'inia chini, likichanuliwa kwa kitana hupendeza, lakini ukifungua fundo mara mbili tatu inaanza kutoa manyoya. Iache mpaka mikono izoee. Nailoni huteleza, katani hukwaruza vidole. Nyembamba ya milimita 1 nayo haimfai mgeni, kwa sababu fundo linakuwa dogo mno kuona kosa liko wapi.

Nitajuaje nikate urefu gani?

Kila mguu wa kamba, yaani kila nusu inayoning'inia, uwe mara 4 ya urefu wa kazi iliyokamilika. Kwa kuwa kamba hukunjwa katikati inapofungwa kwenye fimbo, ikate mara 8. Pambo la ukutani la sentimita 50 linataka kamba za mita 4 kila moja. Zikiwa 10, hiyo ni mita 40. Mafundo yakiachana sana, mara 3 kwa mguu hutosha. Yakibanana, hesabu 5 au hata 6. Kamba nene pia hula urefu zaidi katika kila fundo, basi usichukue vipimo vya milimita 3 ukavitumia kwa milimita 5.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: katika mnyororo wa mafundo bapa (miguu miwili ya pembeni ikifungwa kuzunguka miwili ya kati), miwili ya katikati hukaa tu, haifungi chochote. Inayokwisha ni ile ya pembeni. Kwa mnyororo wa sentimita 20 wenye shada la 15, miguu ya kati inahitaji sentimita 35 tu, ya pembeni 115. Kata kamba mbili za sentimita 150, uzikunje penye 35 badala ya katikati, kisha uelekeze miguu mirefu nje. Utatumia mita 3. Miguu yote ingekuwa mirefu sawa, zingekwenda 4.6.

Kamba ya pembeni imeisha kabla sijamaliza. Nifumue yote?

Hapana. Kama miguu uliikata sawa, ibadilishane nafasi na ya kati, ambayo bado ni ndefu, kisha endelea. Kaza vizuri fundo la kwanza baada ya kubadilisha. Mtu wa kawaida hataliona.

Ncha zinafumuka kila ninapokata.

Zungusha selotepu mahali pa kukata, kisha kata katikati ya selotepu yenyewe. Ncha zote mbili zinabaki zimefungwa. Kwa nailoni unaweza kuyeyusha ncha kidogo kwa moto, ila pamba haiyeyuki, inaungua.

Fimbo iweje? Naweza kutumia tawi la mti?

Fimbo ya mbao ya kipenyo cha sentimita 1.5 hadi 2.5, izidi upana wa kazi kwa sentimita 5 kila upande. Ipige msasa, kwani kijiti kimoja kilichochomoza kinavuta nyuzi za pamba. Tawi linafaa likiwa limekauka kabisa na kutolewa magome. Bichi hunywea likikauka, kamba zikalegea juu yake, na utomvu wake unaacha doa lisilotoka. Kujua kamba ngapi zitajaza fimbo, funga nne, zipime upana, halafu piga hesabu.

Mnyororo wangu unajizungusha kama skrubu. Kwa nini?

Unarudia nusu moja ya fundo. Fundo bapa lina nusu mbili zinazokabiliana: kamba iliyopita mbele ya zile za kati katika nusu ya kwanza, hiyo hiyo ndiyo ipite mbele katika nusu ya pili, sasa ikitokea upande wa pili. Ifunge kipande cha selotepu cha rangi na uifuate kwa macho.

Kama mnyororo haujizungushi ila unapanuka na kubana, tatizo ni mkazo wa mikono. Tundika fimbo usawa wa kifua, ifunge pande zote mbili isiyumbe. Fimbo inayoyumba haikupi kitu cha kuvuta dhidi yake, na kila fundo linatoka na mkazo wake.