Gazeti halikujibu? Maswali yenu kuhusu kutoka kwenye habari bila kulipia tangazo

Nilikaa miaka mingi kwenye meza ya uhariri hapa Dar kabla ya kuhamia upande wa pili, wa kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuzungumza na vyombo vya habari. Wiki hizi mbili meseji zenu zimekuwa na swali moja lenye sura nyingi: nitatokaje gazetini, redioni au kwenye runinga bila kulipa? Nimechagua nane. Majina nimeyaacha, kazi na maeneo nimeviweka.

Dada, habari za kazi. Nina karakana ya samani. Nimetuma baruapepe magazeti matano nikieleza ubora wa vitanda vyetu vya mninga, na kimya kabisa. Au mpaka uwe na mtu unayemjua ndani? (Fundi, Keko)

Kumjua mtu kunasaidia simu ipokelewe. Habari kutoka ni jambo jingine.

Ulinitumia ile barua, nimeisoma. Inaanza: "Kampuni yetu inaongoza kwa kutengeneza samani bora, imara na za kisasa kwa bei nafuu." Nilipokuwa dawatini, sentensi hiyo ilikuwa inanifikia kila siku, leo imeandikwa na watu wa samani, kesho na watu wa bima, keshokutwa na shule ya chekechea. Badilisha neno moja tu, inamfaa yeyote. Mhariri akifika kwenye "bora" ameshafungua barua nyingine. Akiwa mkarimu ataipeleka idara ya matangazo, na hao ndio watakaokupigia, bei ikiwa mkononi.

Mimi hujiuliza hivi: mtu asiye na mpango wa kununua kitanda mwaka huu, angeisoma hii hadi mwisho? Ndiyo maana nilikupigia nikakuomba ufungue daftari la oda. Ukaniambia mlipoanza, tano kwa sita ndicho kilikuwa kitanda cha kila siku. Sasa hivi, hasa Desemba na Januari, wanaokuja wanataka dabodeka ya tatu kwa sita yenye droo chini, kwa sababu wazazi na watoto wako chumba kimoja. Wengi huja na vipimo kwenye karatasi. Mama mmoja wa Mbagala alikuja na kamba yenye mafundo mawili: kutoka fundo hadi fundo ndiyo nafasi iliyobaki kati ya kabati na mlango.

Fundi, hiyo kamba ndiyo habari. Wewe umeishika, mhariri hajaiona. Anza hivi: "Familia zinazoishi chumba kimoja zinawalazimu mafundi wa Keko kubadili vitanda wanavyotengeneza." Halafu mama na kamba yake, halafu oda ngapi kati ya kumi sasa ni dabodeka (hesabu daftarini, usikadirie), halafu wewe, karakana yako na namba ya simu inayopokelewa. Ukurasa mmoja. Mninga unaweza kuutaja mwishoni ukipenda.

Picha iwe ya mkono umeshika kamba mbele ya kitanda ambacho hakijapigwa vanishi. Bango lako halina mtu wa kulitazama. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inapunguzwa hadi gazeti haliwezi kuichapa.

Usiwatumie wote watano. Nunua magazeti ya wiki moja, angalia nani anaandika habari za makazi au biashara ndogo, mwandikie huyo mmoja kwa jina lake. Mtumie asubuhi, kabla hawajaingia kwenye kikao cha kupanga habari za siku. Jioni kurasa zinafungwa na hakuna atakayekusikiliza hata ungekuwa umegundua dhahabu Keko. Zikipita siku tatu, piga simu mara moja tu. Asipoonyesha nia, mshukuru, nenda kwa mwingine.

Shikamoo mama. Nasindika pilipili na achari nyumbani. Nataka runinga waje wanirekodi ila bado sina alama ya TBS. Inawezekana? (Msindikaji, Mbagala)

Marahaba mwanangu. Inawezekana, na nakuomba usifanye. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulitoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukahamia TBS, shirika la viwango, na TFDA yenyewe ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Mwandishi makini atakuuliza alama iko wapi kabla hajafungua kamera. Asipouliza yeye, atauliza mkaguzi atakayekuona kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku. Anza SIDO, shirika la viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho wa kwenda nayo TBS. Na hiyo safari yenyewe, ukiiandikia tarehe na gharama kila hatua, inaweza kuwa habari nzuri kuliko achari. Wasindikaji wengi wanataka kujua njia hiyo ikoje.

Mwandishi alikuja kwenye uzinduzi wetu, mwishoni akaomba "nauli". Nikampa elfu thelathini. Mwenzangu anasema nimehonga. Nimehonga? (Mwenye saluni, Sinza)

Hapa tukae kidogo, maana na mimi nina dhambi yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilirudi kutoka uzinduzi wa bidhaa hotelini na bahasha ya kaki yenye noti mbili za elfu kumi. Aliyenipa hakuniomba chochote. Nilipokaa kuandika nilikuwa na aya inayosema ile bidhaa ilichelewa kuingia sokoni kwa miezi minane. Niliifuta mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Hivyo ndivyo bahasha inavyofanya kazi.

Kwa hiyo ndiyo, mwenzako ana hoja, ingawa neno "nauli" si uongo mtupu. Waandishi wengi wa mitaani si waajiriwa. Hulipwa kwa habari iliyochapwa, na kidogo. Amepanda daladala mbili kwa hela yake kuja Sinza, na mhariri akiitupa habari hiyo, hela imekwenda. Ukimkasirikia yeye unamwonea. Lakini maadili ya Baraza la Habari Tanzania yanakataza mwandishi kupokea hongo, na habari iliyotoka kwa njia hiyo haikusaidii muda mrefu. Ni kama umepanga chumba: mwezi ujao utadaiwa kodi tena.

Mpunguzie gharama badala ya kumlipa. Mpe maelezo yote na picha ili akikosa muda asilazimike kuja. Akija, chai na maji vipo, kama ambavyo mgeni yeyote angepewa. Kama shughuli iko mbali, tuseme Kigamboni ndani huko, kodi gari moja la kuwachukua waandishi wote, na uwaambie wahariri wao mapema kwamba usafiri upo. Taslimu mkononi hapana.

Ukitaka kulipia nafasi, ni halali kabisa: nenda idara ya matangazo, lipa, dai risiti ya EFD, na makala iandikwe wazi kwamba imelipiwa.

Halafu kuna yule anayesema "toa hamsini, habari itoke leo". Mwombe kitambulisho cha uandishi, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati. Kisha piga simu chumba cha habari anachokitaja uulize kama wanamfahamu. Makanjanja wengi hupotea unapoanza kupiga hiyo simu.

Nimealikwa redioni asubuhi, dakika kumi na tano. Naogopa nitasahau kila kitu. (Mfuga kuku, Chanika)

Utasahau, kwa hiyo beba mambo matatu tu kichwani. La kwanza, kitu cha kumsaidia msikilizaji hata asiponunua: namna ya kujua kifaranga aliyepigwa na baridi, kwa mfano. La pili, kisa kimoja cha siku uliyopata hasara. Watu hawazimi redio mtu anaposimulia hasara. La tatu, unapatikana wapi, kwa alama ambayo mtu wa kwenye daladala anaijua. "Block F, kiwanja namba fulani" haimsaidii mtu. "Ukishuka kituo cha mwisho, nyuma ya soko" inamsaidia.

Namba ya simu itaje mara mbili, polepole, mbilimbili. Wengi wanaokusikia saa moja asubuhi wamesimama kwenye foleni ya Gongo la Mboto na hawana kalamu. Muombe mtangazaji waiweke pia kwenye kurasa zao. Na siku hiyo simu ishikwe na mtu mwingine. Vinginevyo utakuwa bado uko studio, simu imezimwa, huku wateja wanapiga. Nimeona hilo likitokea mara nyingi mno.

Nimelipia banda Sabasaba. Siku gani niwaite waandishi? (Mshonaji wa mikoba, Tandika)

Siku ya ufunguzi na siku ambayo kiongozi mkubwa anatembelea waachie. Siku hizo kamera zote zinamfuata mgeni rasmi, na wewe utaonekana kama bega la kushoto kwenye picha. Maonesho yanachukua zaidi ya wiki moja, na katikati pale kuna siku za ukame ambapo waandishi waliopangiwa viwanja vya Kilwa Road wanatembea wakitafuta kitu chochote kipya. Wafuate wakati huo, asubuhi, kabla vumbi na kelele havijazidi. Nenda pia na habari kwa TanTrade wenyewe, ndio waandaaji, na waandishi huwauliza wao kwanza banda gani lina jambo.

Mikoba yako ya nguo ina mlango wake: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Miaka imepita, watu wanabebea nini sasa sokoni Tandika? Simama asubuhi moja uhesabu.

Mteja ameweka mtandaoni picha ya chupa yetu ya maji ikiwa na uchafu. Mwandishi ananipigia tangu jana. Nimezima simu. Nifanye nini? (Msambazaji wa maji, Tegeta)

Iwashe.

Oktoba 28, 1906 treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania huko Marekani ilitumbukia majini kutoka darajani karibu na Atlantic City, wakafa watu zaidi ya 50. Desturi ya kampuni za reli wakati ule ilikuwa kuficha. Mshauri wao, Ivy Lee, aliyewahi kuwa mwandishi wa magazeti, akafanya kinyume: akaandika maelezo ya kilichotokea akawapa waandishi, na akawapeleka hadi eneo la ajali. Gazeti la New York Times lilichapisha maelezo yale yalivyo. Wengi huyahesabu kuwa ndiyo taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari. Wakati unatunga yako ya kusifia bidhaa, kumbuka aina hii ya uandishi ilizaliwa kwenye msiba.

Wewe huna treni majini, una chupa moja. Mpigie mwandishi sasa. Mwambie unachokijua: chupa ni ya tarehe gani, mzigo huo ulikwenda maduka yapi, umeanza kuuondoa au bado. Usichokijua sema unakitafuta, na utaje saa utakayompigia tena. Saa hiyo ikifika piga, hata kama huna jipya. Mteja aliyepiga picha mtafute kwa simu, usijibizane naye hadharani, na usimwite mshindani aliyetumwa. Hata kama ni kweli ametumwa, maji yale bado yana uchafu.

Mchekeshaji mwenye wafuasi wengi Instagram anataka laki tano anitaje. Bora yeye au gazeti? (Muuza viatu, Kariakoo)

Huyo ni tangazo, mlinganishe na matangazo mengine. Muulize wafuasi wake wangapi wako Dar, na uone aliowahi kuwatangaza wa mitaa ya Kongo na Msimbazi walisema nini. Kwa viatu, mimi ningemjaribu kwa mzigo mdogo kabla ya kutoa laki tano.

Gazeti liliandika kuhusu mgahawa wetu, nusu ukurasa. Nilifurahi, ila wateja hawakuongezeka. Halafu bei ya sahani waliandika 30,000 badala ya 3,000! (Mama lishe, Ilala)

Pole, sifuri moja imekula wateja wako. Mpigie mwandishi leo, kwa upole, umwombe masahihisho. Akisuasua, mhariri wake. Kosa la namna hii halihitaji kufika Baraza la Habari, ingawa lipo na husikiliza malalamiko.

Kuhusu wateja: unajuaje hawakuongezeka? Weka daftari pale unapopokelea hela, na kila mgeni mpya aulizwe "umetujuaje?" kabla hajapewa chenji. Andika hata kama ni jibu la ajabu. Aliyesoma gazeti Jumanne anaweza kuja mwezi ujao, au asije kabisa ila akamwambia shemeji yake anayetafuta mtu wa kupika kwenye semina ya ofisini. Huyo shemeji ndiye unayemtaka, sahani zake ni sitini kwa mpigo.

Kwa hiyo masahihisho yakitoka, kata vipande vyote viwili, toa kopi, vibane pamoja. Ukienda kuomba zabuni ya chakula kwenye ofisi za Posta au mkopo benki, viweke juu ya barua yako. Na kimoja kipigie lamineshoni ukibandike ukutani, mbali na jiko. Cha jirani yako mmoja hapo Ilala kimeshaiva kwa moshi, hata jina la mgahawa halisomeki.