Jipu la mlango wa uke: mbona limerudi?

SWALI: Dokta, nina miaka 27, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Kadutu, hapa Bukavu. Mwaka jana nilipata kivimbe upande wa kushoto wa mlango wa uke. Mwanzoni hakikuuma, halafu kikaiva. Kwenye kituo kimoja walikipasua, usaha ukatoka, wakanipa amoksisilini, nikapona. Sasa kimerudi, kikubwa kama yai la kuku. Siwezi kukaa, na nikipanda pikipiki machozi yananitoka. Jirani anasema ni ugonjwa wa zinaa, na mume wangu ameanza kuniangalia vibaya. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana dada yangu. Najua maumivu hayo yanavyomfanya mtu atembee amepanua miguu na kudanganya watu kwamba ameteguka.

Hapo ulipovimba kuna tezi ya Bartholin. Ziko mbili, kushoto na kulia, kila moja kama punje ya njegere, na kazi yake ni kutoa ute wa kulainisha uke. Ute hupita kwenye mfereji mwembamba wa kama sentimita 2. Mdomo wa mfereji ukiziba, ute unajikusanya nyuma yake: hicho ndicho kivimbe chako cha kwanza, kisichouma. Vijidudu vikiingia, unakuwa na jipu. Mara nyingi ni vijidudu vinavyoishi matumboni mwetu sote. Kisonono na klamidia vinaweza pia kulisababisha, kwa hiyo tunavipima, lakini jipu lenyewe halithibitishi kwamba mtu ametoka nje ya ndoa. Njoo na mumeo, nimweleze mwenyewe.

Kulitambua hakuhitaji mashine. Naweka kidole kimoja ndani ya uke na gumba nje, uvimbe unabaki katikati. Ukibonyea kama parachichi lililoiva, usaha upo, na vidonge peke yake havitautoa.

Kwa nini lilirudi? Kwa sababu walitoboa, wakatoa usaha, basi. Tundu lile hujifunga baada ya siku chache na mfereji unabaki umeziba kama zamani. Linatakiwa kufunguliwa na kuachwa wazi mpaka njia mpya ijitengeneze. Tunachoma sindano ya ganzi, tunapasua kidogo kwa upande wa ndani, kisha tunaingiza mpira mwembamba wenye puto nchani, unaoitwa katheta ya Word. Puto linajazwa mililita 2 au 3 za maji ya chumvi ya hospitali, na mpira unakaa humo wiki 4 hadi 6. Utatembea, utauza sambaza zako kama kawaida. Tendo la ndoa ndilo lisubiri. Mpira huo ukikosekana, au jipu likirudi tena, daktari wa wanawake hupasua na kushona kingo za kifuko kwenye ngozi ya uke ili mdomo ubaki wazi. Kwa hilo nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, kama Panzi.

Antibiotiki tunaziongeza ukiwa na homa, wekundu unaosambaa, mimba, kisukari au kinga dhaifu. Ukiwa mjamzito, sema kabla hatujaanza.

Wakati unajiandaa kuja, kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Unaweza kumeza parasetamoli. Usilikamue, usilitoboe kwa sindano, na nakusihi usiweke majani wala dawa ya unga ndani. Ukitetemeka kwa homa, au uvimbe ukipanda kuelekea kinenani au tako, usingoje kesho.

Mama mwenye kivimbe kisichouma, kidogo, anaweza kukiacha. Lakini aliyepita miaka 40 akikipata kwa mara ya kwanza, akatwe kipande cha kivimbe kipimwe, kwa sababu saratani ya tezi hii ipo, ingawa ni nadra sana.

Wewe njoo asubuhi, na siku hiyo panda gari.