Muulize Fundi: Besi ya kwanza ianzie shingoni

Barua za mwezi huu zimejaa besi. Vijana wa kwaya, wapigaji wa bendi za mtaani, hata mzee mmoja wa kidumbaki, ule muziki wa ngoma wa Zanzibar, kutoka Unguja, wote wanataka kujitengenezea gita la besi la umeme kwa fedha kidogo. Nimefurahi sana. Kwa anayeanza ufundi huu, besi ni rahisi kuliko gita la solo: nyuzi ni nne tu, nafasi ya kufanyia kazi ni kubwa, na umbo lake linamvumilia fundi mgeni. Nimechagua barua tano.

Shikamoo Fundi. Napiga besi kwenye kwaya yetu Mbagala, lakini gita ni la kanisa. Ibada ikiisha linafungiwa stoo. Nimefanya kazi kwa seremala, randa na patasi nazijua. Nina laki tatu. Je, naweza kujitengenezea besi nzima kwa hela hiyo?

Marahaba mwanangu. Unaweza, ila usinunue kitu ambacho mikono yako inaweza kukitoa. Bodi ya gita ni kazi ya seremala, na wewe ni seremala. Shingo ni habari nyingine. Nyuzi nne za besi zikikazwa kwenye tyuni yake ya kawaida zinavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 80, usiku na mchana, na shingo ndiyo inayobeba mzigo huo. Ndani yake kuna chuma cha kurekebisha mpindo, na juu yake kuna freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, ambazo hazitakiwi kupishana hata unywele. Hela yako ianzie huko.

Tafuta besi iliyokufa. Stoo za makanisa na za bendi zinazo, na mafundi redio wanazo pia: gita lilianguka jukwaani, bodi ikapasuka, waya wa pikapu, ile sumaku inayookota sauti ya nyuzi, ukakatika, basi limesimamishwa kwenye kona na hakuna anayeliulizia. Ukilipata, usihangaike na rangi wala jina lililoandikwa kichwani. Shika upande wa bodi, weka jicho lako kwenye ukingo wa shingo na uchungulie kuelekea kichwani, kama unavyokagua ubao kabla ya kuupiga randa. Ikiwa imejisokota kama kamba, iache. Ikiwa imeinama tu mbele au nyuma, bado ina matumaini. Bana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama katikati, karibu na freti ya saba. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo, kama wa milimita 0.3 hivi. Upenyo ukizidi, tia ufunguo kwenye chuma cha shingoni, kaza robo mzunguko, uache shingo itulie kabla ya kupima tena. Bolti ikizunguka bila kushika, au ikigoma kabisa, usilipie shingo hiyo.

Ukishapata shingo, nenda Keko kwa watengeneza vitanda. Masalia ya mninga na mkangazi wanayoyaweka pembeni yanakutosha. Bodi inatakiwa ibaki na unene wa milimita 45 hivi, kwa hiyo ubao wa inchi mbili ukipigwa randa unafika pale pale. Ila angalia upana: mbao mbili za mbili kwa sita zikiunganishwa hazitoshi, maana bodi ya besi inataka karibu milimita 340. Chukua mbili kwa nane, au unganisha vipande vitatu. Unganisha kwa gundi ya mbao, ubane kwa klampu hadi kesho yake.

Shimo la kukalia shingo ndipo pa kuonyesha ufundi wako. Kina chake ni kama milimita 16, ila pima kwanza shingo yako mwenyewe na brigi utakayotumia, yaani kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye bodi. Patasi iwe kali, uende taratibu, ujaribishe kila mara. Shingo ikiingia, ukainua gita zima kwa kushika shingo bila skrubu hata moja na bodi isidondoke, umefaulu. Kisha, kabla ya kutoboa tundu la brigi, ilaze brigi mahali pake kwa utepe wa karatasi wenye gundi na uvute uzi wa E, ulio mnene kuliko wote, na uzi wa G, ulio mwembamba kuliko wote, peke yao. Tazama kila mmoja uko umbali gani kutoka ukingo wa shingo pale freti zinapoishia. Pande zote mbili zikiwa sawa, toboa. Zikitofautiana, sogeza brigi. Nyuzi zikikaa upande, uzi mmoja utakuwa unadondoka nje ya freti kila ukipiga, na hakuna rangi wala vanishi itakayokuficha.

Fedha itakayobaki nunua nyuzi mpya. Kama pikapu ya zamani imekufa, nunua nyingine ya bei ya kawaida, pamoja na voliumu mbili zenye alama A250K, kapasita moja ya mikrofaradi 0.047 na jeki. Isipokuwa pikapu, vitu hivyo utavipata kwa wauza vipuri vya redio Kariakoo.

Fundi, nyumbani kwetu Muheza tuna mbao za msaji. Wenzangu wanasema gita zuri lazima liwe la mbao za Ulaya. Nitumie msaji au nisubiri?

Tumia msaji, mdogo wangu. Ni mti uliotulia, haupindi ovyo, na wadudu wanauogopa. Shida zake ni mbili. Una mafuta ya asili, kwa hiyo dakika chache kabla ya kupaka gundi futa pande zinazokutana kwa kitambaa chenye thina, la sivyo kiungo kitaachia. Na kama miti mingine mingi, mbao zake huweza kuwa mbichi au kavu, na macho peke yake hayakutoshi kuzitofautisha. Mbao hizo zikae ndani, juu ya dari au chini ya kitanda, zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite. Kila wiki peleka kipande kimoja dukani kikapimwe kwenye mizani na uandike uzito. Uzito ukiacha kushuka, ubao umezoea hewa ya kwenu. Unyevu wa Tanga ni mwingi. Ubao uliochongwa ukiwa mbichi utakupasukia kwenye shimo la shingo, pale pale panapotakiwa pabane.

Kuhusu mbao za Ulaya, nasema bila kusita kwamba sikubaliani na wenzako. Kwenye gita la umeme sauti inaokotwa na sumaku ya pikapu kutoka kwenye uzi wa chuma. Shingo iliyonyooka, brigi iliyoshika vizuri na pikapu iliyokaa mahali pake vina uzito mkubwa kuliko jina la mti. Mninga wetu unasifika duniani kwa kusinyaa kidogo sana unapokauka, na mpingo wetu unatengenezewa klarineti na obo zinazopigwa kwenye okestra kubwa. Hatuna sababu ya kuomba radhi kwa miti yetu. Nunua tu kwa muuzaji mwenye vibali, na unapopiga msasa mninga au mvule vaa barakoa. Vumbi lake linawasha pua na kifua, na kuna watu linawaletea pumu.

Habari Fundi. Niko Mombasa. Nilichonga shingo mwenyewe, nikanakili nafasi za freti kutoka gita la rafiki, moja baada ya nyingine. Besi haikubali tyuni: chini iko sawa, ukipanda inaharibika. Nimekosea wapi?

Kosa liko katika maneno yako mwenyewe: moja baada ya nyingine. Ukipima kutoka freti hadi freti, kila kosa la nusu milimita linabebeshwa freti inayofuata, na ukifika ya 12 umepotea njia. Freti zote hupimwa kutoka sehemu moja tu, yaani uso wa mbele wa nati, kile kipande cha mfupa au plastiki kinachopokea nyuzi kichwani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua urefu wa uzi kutoka nati hadi brigi. Besi nyingi zina inchi 34, sawa na milimita 864, kipimo kilichoenea tangu Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951. Gawanya 864 kwa 17.817, unapata 48.5. Hapo ndipo freti ya kwanza. Toa 48.5 kwenye 864, kinachobaki kigawanye tena kwa 17.817, ujumlishe na cha kwanza: freti ya pili iko milimita 94.3 kutoka nati. Endelea hivyo. Ukifika ya tano uwe na 216.7, ya saba 287.4, na ya 12 uwe na 432 kamili, nusu ya uzi wote. Ya 12 isipoangukia katikati, rudi kwenye hesabu kabla hujagusa msumeno.

Tumia rula ya chuma ndefu, na alama uweke kwa ncha ya kisu, si penseli. Mstari wa penseli una unene wake, na msumeno utachagua upande unaoutaka wenyewe. Karatasi pia usiiamini, hewa ya pwani inairefusha. Msumeno wa kukatia chuma ambao wengi wanautumia una meno yaliyotanuka kushoto na kulia, kwa hiyo mfereji unatoka mpana na freti inacheza. Saga kidogo pande za meno kwenye jiwe la kunolea, ukijaribu kwenye kipande cha taka hadi freti iingie kwa kugongwa nyundo ya plastiki na isitoke kwa vidole.

Kwa shingo uliyonayo, bandua ubao wa freti kwa pasi ya moto na kisu chembamba, uweke mpya. Shingo yenyewe usiitupe. Ukimaliza, rekebisha brigi: piga uzi ukiwa umeugusa kidogo tu juu ya freti ya 12, kisha ubane hapo hapo na upige tena. Sauti ya kubana ikiwa juu zaidi, rudisha nyuma kitako cha uzi huo kwenye brigi. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Uzi wa E utakaa nyuma kuliko wa G kwa milimita kadhaa. Ndivyo unavyotakiwa.

Assalaam alaykum Fundi. Miye napiga sanduku kwenye kidumbaki hapa Unguja tangu ujana. Wajukuu wananiambia nitengeneze besi ya umeme. Vidole vyangu havijazoea freti. Itawezekana?

Waalaykum salaam mzee wangu, na shikamoo. Itawezekana, na wewe una kitu ambacho wengi wanakitafuta. Aliyezoea sanduku, uzi mmoja na fimbo yake, sauti anaitafuta kwa sikio. Kwa hiyo tengeneza besi isiyo na freti. Kazi inapungua, gharama inapungua, na ule mtelezo wa sauti uliouzoea unaupata.

Chukua kipimo kifupi cha inchi 30, yaani milimita 762, ili mkono usichoke. Ubao wa juu ya shingo uwe mgumu, mkongo kwa mfano, maana nyuzi zitasugua mti wenyewe. Kwa sababu hiyo nunua nyuzi zilizozungushiwa waya bapa; zile za kawaida zinachimba mifereji. Na ziwe za kipimo kifupi tangu dukani, kwa kuwa uzi mnene wa E ukikatwa pale penye unene huweza kufumuka.

Ukingoni mwa shingo, upande unaokutazama ukiwa umepakata gita, tia vitone vidogo pale pale ambapo freti zingekaa. Kidole kikanyage juu ya alama yenyewe, si nyuma yake. Zaidi ya hapo sikufundishi, mzee wangu. Wajukuu wakae karibu nawe wasikilize.

Fundi, besi niliyotengeneza inavuma. Nikigusa nyuzi mvumo unapungua. Juzi ukumbini hapa Dodoma midomo iligusa maiki nikapigwa shoti kali. Nibadilishe pikapu?

Pikapu iache. Tuanze na shoti, na tafadhali usipige tena na maiki kabla hujalimaliza hili. Kuna waya unaotoka kwenye brigi kwenda kwenye jeki, kwa hiyo nyuzi zako zimeungana na chuma cha amplifaya. Amplifaya ikiwa haina athi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, pengine kwa sababu mtu alikata pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye soketi ya zamani, umeme unaovuja unakaa kwenye nyuzi. Maiki nayo imeungana na mixa iliyochomekwa kwingine. Mkono uko kwenye nyuzi, mdomo kwenye maiki, umeme unapita katikati yako. Watu wamekufa kwa njia hii. Rudisha plagi ya pini tatu, mwite fundi umeme apime kama athi ya ukumbi ipo kweli, na amplifaya na mixa zichukue umeme kwenye soketi za laini moja. Usikubali kukata waya wa brigi kama dawa. Tatizo liko ukutani.

Mvumo sasa. Ukigusa nyuzi ukapungua, waya wako wa brigi uko sawa. Kinachokosekana ni kinga. Fungua mashimo ya pikapu na voliumu, yabandike karatasi ya shaba ndani yote pamoja na nyuma ya kifuniko, kisha chomelea waya mmoja kutoka kwenye shaba hadi mgongoni mwa voliumu. Hakikisha kwa mita kwamba vipande vyote vya shaba vinapitishiana umeme. Na kama siku moja ukigusa nyuzi mvumo ukaongezeka, angalia jeki: nyaya mbili zitakuwa zimechomelewa kinyume.