Kabla Hujafungua Kopo la Epoksi

Vijana wanaopita barazani kwangu hapa Area C, Dodoma, kutazama vibehewa vya kuigiza vya treni ya mwendokasi karibu wote huanza na swali moja kuhusu resini, ile plastiki ya majimaji inayoganda: ipi haitoi vipovu? Swali si baya, ila silo la kwanza. La kwanza ni kwamba glavu zako ziko wapi.

Kwa aliyefika leo: tunachonga kibehewa kimoja cha mfano, tunakitolea kalibu ya silikoni, kisha tunasubu vingine kwa resini iliyochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Resini zenyewe ni hizi tatu. Poliesta, ile ya mafundi faiba, inanuka mtaa mzima, kwa hiyo mtu hujihadhari mwenyewe. Poliuretani huganda kwa dakika chache, na kopo lake moja lina isosianati, kitu kinachoweza kukuachia pumu. Epoksi hainuki sana. Hiyo ndiyo iliyonidanganya.

Karibu mwaka mzima niliishika kwa mikono mitupu. Ikinidondokea, nafuta kwa tina ya rangi, naendelea. Kumbe tina inakwangua mafuta ya ngozi na kuifungulia epoksi njia. Vidole vikaanza kuwasha. Nikasema ni ukavu wa Julai, maana Dodoma mwezi huo hata midomo inapasuka, nikazidisha mafuta ya mgando. Halafu asubuhi moja nikaamka kope zimevimba, mama watoto akadhani nimeumwa na nyuki. Daktari wa ngozi hakuniuliza nimekula nini, aliniuliza nafanya kazi gani. Mzio. Mwili ukishaikataa epoksi, kwa kawaida haurudi nyuma tena. Tone dogo tu linaamsha vurugu yote upya.

Basi vaa glavu za naitraili. Zile za mpira za kawaida hazizuii vizuri. Zikichafuka, badili papo hapo, wala usiitoe simu mfukoni nazo (nimeona wengi, na simu hiyo hiyo baadaye iko shavuni). Ikigusa ngozi, pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha sabuni na maji. Miwani ya kinga usiivue mpaka makopo yafungwe. Ikikurukia jichoni, maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali, hata kama unajisikia nafuu.

Sasa joto. Epoksi huganda kwa kujichemsha yenyewe, na ikiwa nyingi ndani ya chombo kirefu joto linakosa pa kutokea. Oktoba moja, saa nane mchana chini ya bati, nilikoroga kikombe kizima nikaenda kupokea mgeni getini. Narudi, kikombe kimelegea kama mshumaa na moshi mweupe unapanda. Ikikutokea, usiinamie kuchungulia. Ukiweza kukisogeza bila kuuvuta ule moshi, kisukume kwa ubao mpaka nje kwenye mchanga, mbali na watoto. Kwenye pipa la taka lenye makaratasi usikitupe kamwe. Siku hizi tunachanganya kidogo kidogo, alfajiri, na mchanganyiko tunaumwaga kwenye sahani pana kabla ya kuutumia.

Kuna wanaoongeza hadina ili iwahi kukauka. Kwenye epoksi hupati haraka, unapata kitu kinachonatanata kisichoganda vizuri. Fuata kopo, na uangalie kama kipimo chake ni cha uzito au cha ujazo, maana namba zinaweza kutofautiana. Poliesta ni habari nyingine: hadina yake ni peroksaidi, huwekwa kama asilimia 1 hadi 2 hivi. Kama una pia kobalti ya kuharakisha, peroksaidi na kobalti visikutane vyenyewe hata kwa tone, vinaweza kulipuka. Kobalti inakorogwa kwanza ndani ya resini, peroksaidi baadaye. Na jiko la mkaa liwe mbali.

Upepo wetu huu nao una ujanja. Unaleta vumbi jekundu juu ya kazi mbichi, kwa hiyo mgeni anafunga madirisha, anabaki chumbani na mvuke. Acha wazi. Funika kalibu kwa beseni, kaa upepo ukitokea mgongoni. Barakoa ya kitambaa, au ile tuliyovaa wakati wa korona, haizuii mvuke. Inatakiwa yenye kichujio cha mkaa maalumu. Kwa vumbi la msasa ni barakoa ya vumbi inayobana uso vizuri, na usugue kwa maji, kibehewa kikiwa kimeganda kabisa. Masika yakishika, poliuretani inavuta unyevu na kutoa povu, kwa hiyo makopo yafungwe mara tu ukishamimina.

Mizani iliyopima resini haipimi tena unga. Vikombe vya kukorogea vitoboe kitako kabla ya kuvitupa, asije mtoto akaviokota.

Mimi sisubu tena. Anasubu mdogo wangu chumba cha uani, ananiletea vibehewa baada ya wiki nzima, vimeoshwa kwa sabuni. Napaka rangi tu, barazani, na hata hivyo nikiwa na glavu.