Kwa mwanangu mrushaji, baada ya timu kumwacha tena

Mwanangu Idrisa,

Umeniuliza swali moja na nitalijibu lilivyo. Mrushaji ambaye jina lake limekatwa tena mwezi Machi, kambi ikiwa bado haijavunjwa, aendelee kutafuta timu au akubali kwamba besiboli haimtaki? Umeniomba nisikubembeleze. Sawa. Lakini uliandika pia kwamba hutaki kuishia "kama Edwin Jackson, wa kuzungushwa tu", na hapo ndipo nataka tuanzie, kwa sababu mimi na wewe hatumkumbuki sawa.

Jackson, mrushaji aliyechezea timu 14 za ligi kuu, alizaliwa mwaka 1983 Neu-Ulm, Ujerumani, baba yake akiwa mwanajeshi wa Marekani. Kuhamahama kulimkuta tangu utotoni. Dodgers wa Los Angeles walimchukua mwaka 2001 akitoka sekondari kule Columbus, Georgia, na siku aliyotimiza miaka 20, tarehe 9 Septemba 2003, wakampa mpira kwa mara ya kwanza kwenye ligi kuu. Mrushaji wa Arizona siku hiyo alikuwa Randy Johnson, nyota mkubwa. Jackson akashinda. Mwanzo kama huo ungemfanya yeyote adhani huyu atazeekea Los Angeles. Alikaa misimu mitatu.

Sasa kumbuka tarehe 25 Juni 2010. Yupo Arizona, wanacheza na Tampa Bay, timu iliyokuwa yake zamani. Katika zamu tatu za mwanzo kati ya tisa aliwapa wapigaji saba besi za bure, yaani aliwarushia vibaya mpaka wakaenda besi ya kwanza bila kupiga. Saba! Zamu ya tatu alijaza besi zote na hakuna mpigaji hata mmoja aliyekuwa ametolewa. Mimi ninayekaa na kitabu changu cha kuandikia mchezo tangu ulipokuwa shule ya kati, najua ukurasa wa namna hiyo unavyotisha. Kocha mwingine angeshamwondoa. Akatoka kwenye shimo lile bila kufungwa hata mmoja. Akaendelea, zamu baada ya zamu, mpaka ya tisa, na hakuna mtu wa Tampa Bay aliyepata pigo halali hata moja. Mipira 149. Siku hizi mrushaji akikaribia mia tu, mwenzake wa akiba ameshaanza kupasha mkono. Arizona walishinda 1–0, kwa mpira mmoja mwenzake Adam LaRoche alioupeleka nje ya uzio.

Wiki tano baadaye, tarehe 30 Julai, Arizona wakampeleka Chicago White Sox.

Naomba usipite haraka hapo. Usiku ule alifanya jambo ambalo warushaji wengi waliomo Cooperstown, kwenye jumba la heshima la besiboli, hawajawahi kulifanya, na bado akahamishwa. Si kwamba walisahau. Arizona walikuwa mkiani, walitaka vijana wa bei nafuu wa kujengea timu, na Chicago walikuwa wanawania ubingwa wa kundi lao. Hesabu ilikuwa ya wenye timu. Mkono wake haukuwa na kosa lolote ndani yake. Wewe kila ukiachwa unaanza kutafuta kosa kwenye mkono wako, na wakati mwingine utalikuta, sikatai, ila wakati mwingine humo hamna kitu.

Mwaka uliofuata ndio aliokuja kwetu St. Louis. Ulikuwa mdogo, lakini najua unaukumbuka kwa sababu ya gwaride. Tarehe 27 Julai 2011 White Sox walimpeleka Toronto, na Toronto siku hiyohiyo wakampeleka Cardinals, timu yetu. Alikuwa mchezaji wa Toronto kwa saa chache tu. Katika mabadilishano yaleyale akaja mrushaji Octavio Dotel wa Jamhuri ya Dominika, ambaye baadaye alifikisha timu 13, rekodi ambayo Jackson mwenyewe ndiye aliyekuja kuivunja. Wasafiri wawili wakubwa kuliko wote wakashuka mjini kwetu kwa mkataba mmoja, na Oktoba timu ikachukua ubingwa wa dunia. Jackson alianza mchezo wa nne wa fainali. Alitoa besi za bure saba na tukafungwa 4–0 na Texas. Sisemi kwamba yeye ndiye aliyetupa kombe. Ila bila watu wa kubeba zamu zile za Agosti na Septemba tusingefika hata kwenye fainali.

Na hili ndilo jibu langu kwa wanaouliza kwa nini alizidi kupigiwa simu. Msimu una michezo 162, kila mchezo zamu tisa, karibu zamu 1,450 za kurusha kabla hujahesabu mchujo wa kutafuta bingwa. Warushaji nyota hawawezi kuzimaliza. Lazima awepo mtu wa kuamka kila siku ya tano na kuchukua mpira, iwe jana timu ilishinda au ilipondwa. Mwaka 2009 akiwa Detroit, na 2010, Jackson alipita zamu 200. Halafu ukaja msimu mbaya: Chicago Cubs walimpa dola milioni 52 kwa miaka minne, na mwaka wa kwanza tu, 2013, akapoteza michezo 18. Mwaka 2015 wakamwacha, fedha zake akiwa bado anazidai. Mtu mwingine angerudi nyumbani na milioni zake. Yeye akaenda Atlanta, Miami, San Diego, Baltimore, akarudi Washington, na mwaka 2018 akakubali mkataba wa ligi ndogo na Oakland, akapanda tena, akashinda michezo sita, na timu ikafika mchujo. Mei 2019 akavaa jezi ya Toronto, ileile iliyokuwa naye kwa saa chache. Timu yake ya 14. Mwaka 2021 alirudi kutoka Tokyo na medali ya fedha ya Olimpiki. Kwa jumla alishinda 107, akapoteza 133, kwa misimu 17. Mimi naiona hiyo ni kazi kubwa na ya heshima, na sioni haya kusema hivyo mbele ya mtu yeyote.

Lakini hiyo ni ligi kuu, baba, na wewe hujafika huko. Hapa lazima tuwe wakweli.

Ligi kuu ina kanuni kwamba mchezaji mwenye miaka kumi humo, mitano ya mwisho akiwa na timu moja, anaweza kukataa kuhamishwa. Kanuni hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Curt Flood, aliyelinda uwanja wa kati hapahapa St. Louis kwa miaka 12, alikataa kupelekwa Philadelphia mwaka 1969 na akaishitaki besiboli mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Alishindwa mwaka 1972, na kazi yake ya uwanjani ilikuwa imeshaisha, lakini mwaka uliofuata wachezaji wakaipata kanuni ile. Jackson, pamoja na misimu yake 17, hakuwahi kuifikia, kwa sababu hakuna mahali alipokaa miaka mitano. Wewe uko chini zaidi ya hapo. Timu za ligi ndogo zenye mkataba na zile za juu zilipunguzwa mwaka 2021 zikabaki 120. Mshahara umeboreshwa tangu chama cha wachezaji kiliposaini mkataba mwaka 2023, ila kwenye ile ligi huru iliyokupigia simu, isiyo chini ya timu za juu, mkataba huo haukuhusu. Utalala kwa wenyeji, utasafiri kwa basi usiku, na nauli ya kurudi nyumbani huenda ikatoka mfukoni mwako. Baba yako ameshanieleza hesabu yake, na hesabu yake ni sahihi.

Hata hivyo ligi huru ndiko mrushaji Rich Hill alikotokea kurudi ligi kuu. Mwaka 2015 alikuwa na miaka 35, amepasuliwa kiwiko na bega, akarusha michezo miwili kwa Long Island Ducks. Boston wakamchukua, na kwenye timu yao ndogo ya Pawtucket mchambuzi wao, Brian Bannister, ambaye naye alikuwa mrushaji, akamwambia autumie mpira wake wa kupinda mara nyingi zaidi. Kabla ya hapo Hill alikuwa akiuficha kama kila mtu alivyofundishwa: wa kasi kwanza, wa kupinda baadaye. Septemba ile ile akasimama dhidi ya Tampa Bay, zamu saba, pigo moja tu, wapigaji kumi wakatolewa kwa kushindwa kuupiga mpira. Mwaka mmoja na ushee baadaye Dodgers wakampa dola milioni 48. Julai 2025, ana miaka 45, akarusha kwa Kansas City, akamfikia Jackson kwa timu 14.

Sikuambii wewe ni Rich Hill. Ninachokuuliza ni kama kuna mtu aliyekwishakaa na wewe akakwambia mpira upi ni wako. Kwenye kitabu changu, kila nilipokuja kukuona msimu uliopita, wapigaji waliupiga ule wa kasi na walishindwa na ule unaotelezea nje kwa mpigaji wa kulia. Ukausogeza pembeni ukaendelea na wa kasi, kwa sababu kila kocha mpya alikuwa na kipimo cha mwendo mkononi na wewe ukataka kumfurahisha. Nenda huko ukaurushe. Kama watakuacha, wakuache ukiwa umerusha mpira wako.

Kwa hiyo ndiyo, nasema endelea, msimu huu mmoja, na nitakusaidia kodi ya chumba mpaka Septemba. Lakini nina sharti, na hili halina mjadala. Siku ya Idi ulimimina chai kwa mkono wa kushoto. Birika lilikuwa upande wako wa kulia. Ulidhani sikuona. Baadaye ukabeba sinia la pilau ukilikumbatia kifuani, kiwiko kimekunjwa, hukukinyoosha mpaka ulipokaa. Kano ya kiwiko ikichanika, dawa yake ni operesheni anayoifahamu kila mrushaji, ile daktari Frank Jobe aliyomfanyia mrushaji Tommy John mwaka 1974, na kupona kwake ni mwaka mzima au zaidi. Timu ya juu inalipia. Wewe sasa huna timu ya juu.

Kabla hujasaini chochote nataka picha ya kiwiko hicho, ile ya mashine ya sumaku, si eksirei. Bima yangu ya hospitali bado inakuhusu mpaka utimize miaka 26, na nimeshaulizia kazini: Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi wana nafasi. Daktari akisema kano ni nzima, saini uende. Akisema imeanza kuchanika, njoo nyumbani tukae watatu, wewe, mimi na baba yako, tuzungumze kuhusu mwaka wa matibabu na kuhusu yale masomo uliyoyaacha yakiwa yamebaki mihula miwili. Hilo nalo nitalilipia kwa moyo uleule.

Nijibu leo kuhusu Alhamisi, ili niwathibitishie. Usirushe hata mpira mmoja mpaka hapo.

Mama yako